Kati ya Wangapi? Mwanatakwimu Aliyewafundisha Madaktari Kuhesabu

UKIABIRI basi la kwenda mbali, aghalabu kabla halijajaa ataingia muuza dawa. Atawasalimu abiria kwa heshima, atoe chupa mkobani na kuwaeleza kwamba dawa yake hutibu kisukari, shinikizo la damu, maumivu ya viungo na kikohozi kilichoshinda dawa za hospitali. Kisha atamtaja mama mmoja wa Nakuru aliyebebwa kwenda kuinunua, na ambaye sasa anajitekea maji mwenyewe.

Msomaji, si lazima mtu huyo awe mwongo. Huenda mama huyo yupo, na huenda alipata nafuu kweli. Lakini kabla hujatia mkono mfukoni, yapo maswali mawili unayopaswa kuuliza. La kwanza: waliopona ni wangapi kati ya wangapi walioinywa? La pili: wenye ugonjwa uo huo ambao hawakuinywa, wao walikuwaje?

Maswali haya yanaonekana mepesi, ya mtoto wa shule ya msingi. Hata hivyo udaktari ulikaa karne nyingi bila kuyauliza kwa utaratibu. Daktari aliamini kile alichokiona kwa wagonjwa wake, na profesa mwenye mvi aliaminiwa kuliko kijana. Mmoja wa watu waliotufundisha kuyauliza vilivyo hakuwa daktari kabisa. Alikuwa mwanatakwimu mwenye shahada ya uchumi, Mwingereza aliyeitwa Austin Bradford Hill.

Kama wewe au jamaa yako mmewahi kutibiwa kifua kikuu, au kama umewahi kusoma onyo kwenye pakiti ya sigara, basi kazi ya mtu huyu imekugusa.

ALITAKA KUWA DAKTARI

Hill alizaliwa London mnamo Julai 8, 1897. Babake, Leonard Hill, alikuwa mtaalamu mashuhuri wa elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi, na kijana alitarajia kusomea udaktari. Vita Vikuu vya Kwanza vikaingilia kati. Alijiunga na kikosi cha marubani wa jeshi la majini, akapelekwa upande wa Bahari ya Aegean, karibu na Uturuki. Kilichomrudisha nyumbani mwaka 1917 hakikuwa risasi bali kifua kikuu cha mapafu.

Wakati huo hapakuwa na dawa hata moja iliyoweza kuua viini vya TB. Mgonjwa alilazwa, akalishwa vizuri, akapewa hewa safi, na watu wakangoja kuona atakwenda upande gani. Hill alikaa hospitalini miaka miwili, na miaka mingine miwili akijiuguza nyumbani. Jeshi lilimwandikia pensheni ya mtu asiyejiweza kabisa. Aliishi miaka 74 zaidi, hadi Aprili 1991.

Ndoto ya udaktari ilikufa kitandani. Mtu mwenye mapafu yale hangestahimili miaka ya wodi na vyumba vya kupasulia maiti. Hivyo alijiandikisha kusoma kwa njia ya posta, kama wengi wetu hapa nchini walivyofanya baadaye, na mwaka 1922 akapata shahada ya uchumi ya Chuo Kikuu cha London. Lakini hakuwa na hamu ya kuwa mwanauchumi. Moyo wake ulikuwa bado hospitalini.

Aliyemfungulia mlango ni rafiki wa babake, Major Greenwood. Hilo Major lilikuwa jina lake, wala si cheo cha jeshi. Greenwood alikuwa daktari aliyependa hesabu, naye alimshauri kijana kwamba magonjwa yanaweza kuchunguzwa kwa kalamu na daftari pia. Hill akaanza kuhudhuria mihadhara ya Karl Pearson, mmoja wa waasisi wa takwimu za kisasa, katika Chuo cha University College, London.

VIJIJI, VIWANDA NA MABASI

Kazi yake ya kwanza haikuhusu dawa. Kwa ufadhili wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, alitumwa katika vijiji vya jimbo la Essex kuchunguza uhamaji wa vijana kwenda mijini, na jinsi uhamaji huo unavyoathiri hesabu za vifo.

Swali hilo tunalifahamu sana sisi wa Kenya. Chukulia kijiji ambacho vijana wake wenye nguvu wote wamekwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa. Wanaobaki ni wazee na wanyonge. Ukihesabu vifo vya kijiji hicho na kuvigawanya kwa idadi ya wakazi, utadhani mahali penyewe pana sumu. Kumbe maji ni yale yale na hewa ni ile ile. Kilichobadilika ni watu waliobaki kuhesabiwa. Vivyo hivyo, mgonjwa akirudi nyumbani kutoka mjini kuuguzwa na mamake na kufia huko, kifo chake huandikwa kijijini ilhali ugonjwa aliupata mjini.

Hilo ndilo somo la kwanza la takwimu za jamii. Tarakimu peke yake haisemi ukweli wala uongo mpaka uulize ni akina nani waliohesabiwa, na ni akina nani walioachwa nje.

Baadaye Hill alichunguza magonjwa ya wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire na ya madereva na makondakta wa mabasi ya London. Mwaka 1933 aliingia katika chuo cha London kinachofundisha afya na magonjwa ya nchi za joto, chuo ambacho hadi leo husomesha madaktari wengi kutoka Afrika Mashariki. Alikaa hapo mpaka alipostaafu mwaka 1961.

Mwaka 1937 jarida la Lancet lilimwomba aandike makala mfululizo ya kuwafundisha madaktari takwimu. Madaktari wa siku hizo waliogopa hesabu kama paka anavyoogopa maji. Hill aliandika kwa lugha nyepesi, bila kuwarundikia kanuni za aljebra, na makala hayo yakawa kitabu kilichochapishwa mara nyingi. Alieleza miaka mingi baadaye kwamba katika makala hayo aliepuka makusudi kuitaja kura, maana aliona madaktari wangeshtuka na kumkimbia. Aliwaanzisha kwa kulinganisha kundi moja na jingine, akangoja.

Mwaka 1945 alirithi kiti cha uprofesa kilichoachwa na Greenwood. Mwaka uliofuata fursa aliyoingoja ilifika.

BAHASHA ZILIZOFUNGWA

Mwaka 1943, katika maabara ya Selman Waksman nchini Marekani, kijana Albert Schatz aligundua dawa ya streptomaisini. Ilikuwa dawa ya kwanza iliyoonekana kuua viini vya TB. Habari zilienea upesi, na kila familia yenye mgonjwa iliitaka. Lakini Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa haina dola za kununulia, na kiasi kilichopatikana kilikuwa kidogo mno. Hakikuweza kuwatosha wagonjwa wote hata kama watu wangetaka kugawana.

Hapo ndipo Hill alipotoa hoja yake. Kwa kuwa dawa haitoshi, na kwa kuwa hakuna ajuaye kwa hakika kama inaponya, basi njia ya haki ni kupiga kura. Wengine wapate dawa na kulazwa. Wengine walazwe tu, kama ilivyokuwa desturi ya kutibu TB. Kisha makundi yote mawili yafuatwe kwa makini.

Walichaguliwa vijana 107 wa umri wa miaka 15 hadi 30 waliokuwa na TB kali ya mapafu yote mawili. Kura ilitoka katika jedwali la nambari za bahati nasibu, na jibu la kila mgonjwa likatiwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Daktari hakujua kilichomo mpaka mgonjwa amekwisha kukubaliwa. Pengine utauliza, bahasha za nini?

Ni kwa sababu daktari naye ni binadamu. Akijua kwamba anayefuata kwenye orodha atapata dawa, atashawishika kumsukuma mbele yule kijana aliyemwonea huruma, au yule anayeonekana ana nguvu za kupona. Matokeo yake kundi la dawa litajaa wenye matumaini, na dawa itasifiwa kwa kazi isiyoifanya. Bahasha ilimfunga mikono daktari. Waliosoma picha za eksirei nao hawakuambiwa picha ipi ni ya kundi lipi.

Matokeo yalichapishwa katika British Medical Journal mnamo Oktoba 1948. Baada ya miezi 6, kati ya wagonjwa 55 waliopewa streptomaisini walikuwa wamekufa 4. Kati ya 52 waliolazwa tu walikuwa wamekufa 14. Picha za eksirei zilionyesha nafuu kubwa kwa wagonjwa 28 wa kundi la dawa, na wagonjwa 4 wa kundi la pili.

Msomaji, tua kidogo kwenye hao wa mwisho. Wagonjwa 4 wenye TB kali walipata nafuu kubwa bila dawa hiyo. Laiti mmoja wao angekuwa amepewa chupa ya mizizi, angeapa mbele ya kadhi na askofu kwamba mizizi ndiyo iliyomponya, na wala hangekuwa anasema uongo. Ndiyo maana ushuhuda wa mtu mmoja, hata awe mwaminifu namna gani, hautoshi. Maradhi mengi hupanda na kushuka yenyewe, na watu hukimbilia dawa siku yakiwa yamepanda.

Sehemu ya pili ya habari hii haisimuliwi mara nyingi. Wagonjwa hao hao walifuatwa kwa miaka 5. Kufikia wakati huo kati ya wale 55 walikuwa wamekufa 32, na kati ya wale 52 walikuwa wamekufa 35. Ile tofauti kubwa ya miezi 6 ilikuwa imeyeyuka karibu yote. Viini vya TB vilikuwa vimejifunza kuishi na dawa, yaani vilikuwa sugu. Isingekuwa kuhesabu, wagonjwa wengi duniani wangeendelea kupewa dawa moja tu na kufa huku kila mtu akishangaa.

Jaribio lililofuata lilitoa jibu: streptomaisini ikichanganywa na dawa nyingine iitwayo PAS, usugu hupungua sana. Tangu hapo TB haitibiwi kwa dawa moja. Ukiona mgonjwa wa TB leo anameza tembe yenye dawa kadhaa ndani yake, sababu ni hiyo.

Yafaa kusema pia kwamba wagonjwa wa kundi la pili hawakuelezwa kwamba wamo katika jaribio. Siku hizi jambo hilo haliruhusiwi. Mtafiti hana budi kukueleza kila kitu, nawe unatia sahihi kwa hiari yako au unakataa.

TB NA UKIMWI NCHINI KWETU

Usidhani habari hizi ni za Wazungu peke yao. Tangu miaka ya 1950, Baraza lile lile la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilishirikiana na madaktari wa Kenya, Uganda na Tanganyika katika majaribio ya dawa za TB zilizoweza kumudiwa na nchi maskini. Hapo awali matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wagonjwa wengi waliacha njiani. Ripoti ya majaribio ya Afrika Mashariki iliyochapishwa mwaka 1972 ilionyesha kwamba mchanganyiko wenye dawa ya rifampisini unaweza kumponya mgonjwa kwa miezi 6 tu.

Matibabu ya miezi 6 yanayotumiwa leo katika zahanati zetu na sehemu nyingi za dunia yalianzia hapo. Wagonjwa wa kwetu, kwa kukubali kuhesabiwa, waliifundisha dunia.

Nairobi pia ilitoa funzo jingine. Kwa miaka mingi wagonjwa wa TB hapa nchini walipewa dawa ya thiasetazoni, ambayo ilikuwa rahisi kwa bei. Ukimwi ulipoingia, madaktari waliona baadhi ya wagonjwa wakibabuka ngozi vibaya. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa katika Lancet mwaka 1991 ulilinganisha wenye virusi na wasio navyo, na ikabainika kwamba dawa hiyo ilikuwa hatari kwa wenye virusi. Ikaachwa.

Mfano wa tatu ni wa Kisumu. Wanaume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24 waligawanywa kwa kura: wengine walitahiriwa mara moja, wengine waliambiwa wangoje. Jaribio lilisimamishwa Desemba 2006 kabla ya wakati wake, kwa sababu tofauti ilikuwa imedhihirika. Kati ya wale 1,391 waliotahiriwa waliambukizwa 22. Kati ya wale 1,393 waliongoja waliambukizwa 47. Mambo ambayo wazee wangebishana juu yake mpaka jogoo awike yaliamuliwa na kura na daftari.

Linganisha hayo na habari ya Kemron. Wakubwa kwa wadogo wataikumbuka mwaka ule wa 1990, dawa ya kumumunya iliyotangazwa hapa nchini kuwa inatibu Ukimwi. Ripoti ya kwanza ilisema wagonjwa walipata nafuu ya ajabu, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha. Watu waliuza mali ili kuipata. Majaribio yaliyofuata yenye makundi mawili, likiwamo la Uganda, hayakuona faida yoyote juu ya kidonge kisicho na dawa ndani.

Mwaka 2011 ilikuwa zamu ya kikombe cha Loliondo, Tanzania. Misururu ya magari ilivuka mpaka kutoka Kenya, na redio zikajaa sauti za waliosema wamepona. Lakini maiti hapandi gari kurudi kutoa ushuhuda. Sauti unazozisikia ni za waliobaki hai, na ndiyo sababu swali la "kati ya wangapi" lina uzito.

SIGARA

Kazi ya Hill inayojulikana zaidi ilihusu tumbaku. Katika miaka ya 1940 vifo vya saratani ya mapafu vilikuwa vikiongezeka kwa kasi Uingereza. Wengine walilaumu moshi wa magari, wengine lami ya barabarani. Sigara haikutiliwa shaka sana, kwa kuwa karibu kila mwanamume alivuta, madaktari wakiwamo.

Hill na daktari kijana, Richard Doll, walikwenda katika hospitali 20 za London. Waliwahoji wagonjwa 709 wa saratani ya mapafu, na wagonjwa wengine 709 wa umri na jinsia sawa waliolazwa kwa maradhi mengine. Walichapisha matokeo Septemba 1950. Kati ya wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, wasiovuta kabisa walikuwa 2. Kati ya wanaume 649 wa kulinganisha, wasiovuta walikuwa 27. Doll mwenyewe aliacha sigara kabla kazi hiyo haijakwisha.

Wenye shaka hawakukosekana. Walisema mgonjwa anayejua ana saratani hukumbuka mambo tofauti na mwingine. Basi mwaka 1951 Hill na Doll walianza upya kutoka upande wa pili. Waliwaandikia barua madaktari wa Uingereza wakiwauliza maswali machache kuhusu uvutaji wao. Zaidi ya 40,000 walijibu. Kisha watafiti wakangoja vifo, wakijua tayari nani anavuta na nani havuti.

Hawakungoja muda mrefu. Kufikia mwaka 1956 ilikuwa wazi kwamba wanaume waliovuta sigara 25 au zaidi kwa siku walikuwa wakifa kwa saratani ya mapafu zaidi ya mara 20 kuliko wasiovuta. Waliovuta chache walikuwa katikati. Kadiri sigara zilivyoongezeka ndivyo vifo navyo vilivyoongezeka, ngazi kwa ngazi.

Aliyepinga kwa sauti kubwa zaidi alikuwa Ronald Fisher, mwanatakwimu aliyeheshimiwa kuliko wote wa zama zake. Fisher alidai kwamba pengine kuna kitu katika damu ya mtu kinachomfanya apende sigara na pia apate saratani. Ni hoja ya mtu mwenye akili, na haifai kudharauliwa. Lakini Fisher alikuwa mvutaji wa kiko, na pia alikuwa mshauri wa wafanyabiashara wa tumbaku. Ukiletewa hoja, jifunze pia kuuliza nani anamlipa mwenye hoja.

Mwaka 1965, akiwa amekwisha kustaafu, Hill alitoa hotuba ambayo wanafunzi wa udaktari huisoma hadi leo. Aliuliza: ni lini tunaweza kusema kitu kimoja kinasababisha kingine, badala ya kusema tu kwamba vinaonekana pamoja? Alitoa mambo 9 ya kutazama. Je, uhusiano una nguvu? Je, umeonekana mahali pengi na watafiti tofauti? Je, kinachodaiwa kuwa chanzo kilitangulia? Je, kikiongezeka madhara huongezeka, na kikiondolewa hupungua? Hakuyafanya kuwa sheria. Alisema pia kwamba elimu ya sayansi daima haijakamilika, lakini jambo hilo si kisingizio cha kukaa bure tukingoja ilhali watu wanakufa.

Utafiti wa madaktari wale uliendelea kwa miaka 50. Doll na wenzake walitoa ripoti ya mwisho mwaka 2004, Hill akiwa amefariki. Mvutaji wa maisha yote, kwa wastani, alipoteza miaka 10 hivi ya uhai. Lakini aliyeacha akiwa na umri wa miaka 60 alijirudishia miaka 3, wa miaka 50 alijirudishia 6, wa miaka 40 alijirudishia 9, na wa miaka 30 karibu yote 10.

Sijui dawa yoyote katika kabati langu iwezayo kumpa mtu wa miaka 40 miaka 9 ya ziada, tena bila malipo. Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004 na kupitisha sheria yake mwaka 2007. Sheria hiyo inakataza hata kuuza sigara moja moja, ingawa unajua kama nijuavyo kinachofanyika vibandani. Lakini uamuzi wa kuacha haungoji polisi wala bunge.

NA WEWE JE?

Katika maisha yake Hill aliongoza Chama cha Kifalme cha Takwimu cha Uingereza, akawa mkuu wa chuo chake kuanzia 1955 hadi 1957, na mwaka 1961 akapewa cheo cha Sir. Hakuwahi kuandika cheti cha dawa. Alichokiacha ni tabia ya kuuliza, na tabia hiyo huhitaji kwenda chuo kikuu kuipata. Hivi ndivyo unavyoweza kuitumia.

Kwanza, ukiletewa dawa, iwe ya mitishamba, ya maombi, ya duka au ya daktari, uliza: waliotumia ni wangapi na waliopona ni wangapi? Uliza tena: walilinganishwa na nani? Swali hilo niulize hata mimi. Daktari anayekasirika akiulizwa hivyo anahitaji kurudi kusoma.

Pili, jihadhari na dawa moja inayotibu kila kitu. Mti kuwa na uchungu au kuwa wa kienyeji si kosa; dawa kadhaa za hospitali zilitoka katika miti. Lakini hata hizo zilikubaliwa baada ya kupimwa.

Tatu, usiache dawa ulizoandikiwa eti kwa sababu umepata nyingine iliyosifiwa. Mgonjwa wa TB aliyepata nafuu katika mwezi wa pili bado ana viini mwilini. Akiacha hapo anarudia kisa cha wale vijana wa mwaka 1948, naye huenda akawaambukiza wanawe TB sugu. Maliza miezi yako yote. Ukiona macho yamekuwa manjano, ngozi imebabuka au unatapika, usijiachishe mwenyewe. Rudi kituoni siku hiyo hiyo.

Nne, ukiombwa kujiunga na utafiti, usikimbie wala usikubali kabla ya kuelewa. Uliza nani ameuidhinisha, utafanyiwa nini, kundi la pili litapata nini, na madhara yakitokea nani atakutibu. Una haki ya kukataa, na ukikubali leo una haki ya kujitoa kesho bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida.

Tano, mtu akifia nyumbani, mwarifu naibu wa chifu, na umweleze bila haya kile alichougua. Najua jinsi familia zinavyoficha Ukimwi, TB na hata saratani wakati wa mazishi. Lakini hospitali na dawa hupangwa kwa kufuata hesabu, na maradhi yasiyoandikwa hayatengewi fedha.

Kama unavuta sigara, tazama tena ile orodha ya miaka 30, 40, 50 na 60. Tafuta umri wako ulipo, kisha uamue. Kama umekohoa kwa wiki mbili au zaidi, nenda kapimwe makohozi wiki hii. Vipimo na dawa za TB katika vituo vya serikali havilipishwi.